Ngazi za Nyumba ya Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na minne, na mguu mmoja. Haya sijapata kumweleza mtu...

Nilizaliwa Tanga. Nilisoma hadi sekondari, lakini sikuzoea kutulia. Nilikwenda Mombasa, nikachoka. Malindi, nikachoka. Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini nikapanda lori la shehena kuelekea Lamu. Siku tano! Mvua ilitukwamisha Garsen, tukavuka mto kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, tukalisukuma lori topeni hadi Mokowe. Nilipovuka hadi kisiwani Lamu nikasema: hapa ndipo. Laiti ningejua...

Nikapata kazi ya kukata boriti mikokoni. Mwaka uliofuata nikamwoa Zuhura wa mtaa wa Langoni. Kwa desturi ya huko, mume ndiye huhamia nyumba ya mke. Chumba chetu kilikuwa ghorofani, juu ya ngazi za mawe, nyembamba, zimesimama kama ukuta. Nilizipanda nikiimba!

Siku moja shoka likateleza, likaniingia mguuni. Kidonda kikaoza. Hospitalini Mombasa wakaukata mguu chini ya goti. Daktari akanionya: nisubiri miezi sita kigutu kikauke kabisa, ndipo nirudi kupimwa mguu wa bandia. Kabla ya hapo nisikitie uzito wowote!

Nikarudi na magongo. Ngazi zile hazikukubali magongo. Kila jioni shemeji yangu Bakari alinipandisha mgongoni.

"Shemeji, leo umekula nini? Waniua!" alinitania, na majirani wakacheka. Nami nilicheka... lakini moyoni nililia. Mwanamume gani hupelekwa kwa mkewe kama gunia la mchele?

Zuhura akaniambia, "Basi tushuke. Nitalisafisha lile ghala la tini ya ngazi, tulale humo."

Nikamkatalia kwa ukali. Watu wangesemaje? Ghalani humo walilala watumwa enzi za mababu zake!

Mwezi wa tatu tangu nikatwe mguu nikaenda kwa Fundi Omari, mchonga milango. Akakitazama kigutu changu, akatikisa kichwa.

"Bwana, kidonda hiki kibichi. Hata mlango haupachikwi ukuta ukiwa majimaji."

Nikamwambia daktari ameniruhusu. Nilimdanganya! Akanichongea mguu wa mti, wenye mikanda ya ngozi.

Siku niliyopanda ngazi peke yangu, Zuhura alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Furaha iliyoje! Lakini ilidumu siku tisa tu. Damu ilichuruzika, nikavificha vitambaa nilivyoifutia. Harufu ilipoanza, nikamwomba mke wangu azidishe udi chumbani. Naye, maskini, akadhani ni mahaba...

Homa iliponiangusha, yote yakafichuka. Nikarudishwa Mombasa. Safari hii walikata juu, karibu na nyonga. Daktari akanieleza kwa huruma kwamba kilichobaki ni kifupi mno, hakuna mguu wa bandia utakaoshika hapo.

Niliporudi Lamu, mimi mwenyewe nikaliomba lile ghala. Mama mkwe akasimama mlangoni mwa ghala.

"Mwanangu alilitaka, ukamkatalia wewe," akasema. "Sasa mimi ndiye ninayekataa. Hashuki tini."

Nikalazwa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, mahali wanaume huketi. Zuhura angekaaje nami mbele ya macho yao? Miezi minne nilisikia sauti yake juu ya kichwa changu, akicheka, akikohoa, akisoma Kurani... na sikuweza kumfikia! Bakari naye hakuweza tena kunibeba, kwani sikuwa na paja la kumbana mgongoni. Ningemwita nani?

Mwisho nikaandika talaka kwa mkono wangu. Nilijiambia namhurumia.

Alishuka mchana, amejifunika buibui, karatasi mkononi. Wanaume wakainuka, wakampisha.

"Kidonda ulinificha," akasema. "Talaka hukuniuliza. Mimi nilikuwa nani kwako?"

 

Kesho yake asubuhi walinipakia juu ya punda hadi gatini. Nikaondoka Lamu, na sitarudi.

Ndugu zangu, wewe uliyepoteza kiungo, usione haya mbele ya anayekupenda. Kidonda kikiwa kibichi, sema ni kibichi! Nanyi mnaoishi na mtu kama mimi, mfungulieni chumba cha chini mapema... na mkewe akisema atashuka, mwacheni ashuke.