Mkato Mbele ya Vali za Kijani

Simu ilitetemeka kwa mara ya nne. Fundi akaichungulia, akairudisha mfukoni.

—Si upokee? mwenzake akamwambia.

—Ni Bi Kalamu. Anataka kunisomesha tena. Sina hamu.

Bi Kalamu ndilo jina walilombandika pale kiwandani mhariri wa miongozo ya mashine, mchumba wake. Wiki tatu hawakusemezana, tangu Bi Kalamu alipouchukua ukurasa wa Kiingereza alioandika fundi, akauchorachora kwa wino mwekundu mbele ya wenzake. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi akaapa ukurasa mwingine hatampelekea.

Na hakumpelekea. Asubuhi hiyo ukurasa mpya, wa maelekezo ya kufungua vali za mabomba, aliukabidhi moja kwa moja kwa mtaalamu mgeni, aliyekuja kuwasha mtambo mpya wa maziwa na ambaye hakujua lugha nyingine ila Kiingereza.

Ujumbe ukaingia: "Usipokee, sawa. Lakini mzuie mgeni! Nimeona nakala ya ukurasa wako. Umemwambia afungue vali ZOTE."

Fundi akainua macho. Mgeni alishafungua vali mbili za kijani, na sasa mkono wake ulikuwa kwenye ya tatu, ya kijivu. Nyuma ya hiyo kulikuwa na maji ya kusafishia mabomba, yanatokota. Chini yake akina mama wawili wameinama, wanasugua sakafu.

—Acha! Acha!

Kiingereza chote kilimtoka kichwani. Akaruka, akamshika mgeni mkono. Mgeni akabaki ameduwaa, akimwonyesha karatasi.

Fundi akapiga simu.

—Nimemzuia. Lakini mbona niliandika za kijani?

—Uliandika "Open the valves, which are green": ulitia mkato, halafu "which", Bi Kalamu akajibu huku anahema. Ukiandika hivyo, umemwambia: fungua vali zote, na kwa taarifa yako, zote ni za kijani. Rangi inakuwa nyongeza tu. Ulitaka zile tu zilizo za kijani, si ndiyo?

—Ndiyo. Mbili tu kati ya sita.

—Basi ungeandika "the valves that are green", bila mkato. Hapo rangi ndiyo inayomchagulia.

—Kumbe! Masikini, atakuwa alidhani zile nyingine zimebabuka rangi.

Fundi akawatazama akina mama, bado wanasugua sakafu.

—Asante, fundi akasema. Asante sana, mpenzi. Nilikununia wiki tatu, na bado ukanipigia mara nne.

—Ningepiga hata arobaini. Na wewe nisamehe. Nilikuaibisha mbele za watu. Ningekuita pembeni.

—Ningekuja?

—Usingekuja, mkaidi wewe!

Wakacheka wote wawili, fundi machozi yakimlenga.

—Mama ananiuliza kila siku yule fundi kapotelea wapi, Bi Kalamu akasema. Nimeishiwa uongo.

—Mwambie jioni nakuja.

Jioni akaenda, shati limepigwa pasi. Mama mkwe akafungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

—Mkwe, ulikuwa unaumwa?

—Shikamoo mama. Niliumwa kiburi.

—Marahaba. Umepona?

—Mwanao amenitibu. Nimekuja kukushukuru kwa kumzaa, na kuomba tupange siku ya harusi, kama bado ananitaka.

Ndani, Bi Kalamu alishasimama mlangoni mwa sebule, ameziba mdomo kwa kiganja.

—Anakutaka, mama akasema akimvuta mkono. Ingia, mwanangu.