Mwanakivuli wa Kalunde

Mwanasesere alipiga chafya, na Bibi Nyamizi akajua kwamba mjukuu wake, aliyelazwa hospitali upande wa pili wa mji wa Tabora, naye amepiga chafya wakati uleule.

Waliomtengeneza walimwita mwanakivuli. Alikuwa na uzito wa Kalunde, joto la Kalunde, na shingoni tundu dogo lenye mpira wa kupumulia, kama Kalunde. Kila pumzi ya mtoto kule wodini ilisafiri bila waya na kuinua kifua cha mwanakivuli huku nyumbani. Kalunde akikabwa na makohozi, mlezi-chuma, mashine yenye mikono laini iliyomlea wodini, humvuta makohozi papo hapo. Lakini mwanakivuli hukoroma na midomo yake kuwa zambarau mpaka watu wa nyumbani nao wamvute kwa mrija wao. Ndivyo walivyofundishwa, maana mtoto asingeruhusiwa kurudi kwa watu wasiojua kumsaidia kupumua.

Kalunde alizaliwa na mapafu mepesi kama ganda la kitunguu. Tangu azaliwe alikaa kwenye chumba cha vioo kisichoingiwa na pumzi ya mtu, na mama yake, Mwashi, alimwona kwa kupitia kioo tu. Sasa mapafu yalikuwa yamepata nguvu kidogo.

Basi nyumba iliandaliwa. Kuta zilioshwa kwa sabuni mpaka rangi ikabanduka. Mkaa ulipigwa marufuku, udi ukafungiwa sandukuni, kuku wakahamia kwa jirani, Mama Mihayo, ambaye alikuja kumtazama mwanakivuli akasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Nyamizi, uzee wote huu unalea shetani?"

"Shetani huyu ana adabu kuliko wajukuu zako," Bibi alimjibu, huku akifuta mrija kwa pamba.

Kila jioni alimpakata mwanakivuli, akaweka sikio lake kifuani mwake, akamwimbia wimbo wa utani wa bibi na mjukuu: mke mwenza njoo, mume ni mmoja, tutamgawana. Na kila jioni kifua kile kilitulia, pumzi zikawa ndefu. Bibi alistaajabu, akamshukuru Mungu. Hakumuuliza mtu. Simu aliijua tangu utotoni: inayoleta sauti ndiyo inayopeleka. Alisema moyoni, mtoto ananisikia.

Siku ikafika. Daktari Kapaya wa hospitali alishuka garini na Kalunde mwenyewe, akampa Bibi mikononi. Kwenye unyayo wa mtoto palikuwa na kitaa cha kupima hewa ya damu, kikiwaka kijani. Daktari alikuwa ameshawaeleza: kikigeuka chekundu, mtoto anarudi leo hii, na haijulikani lini atatoka tena.

Kalunde alimtazama bibi yake, akageuza uso. Mdomo ukafunguka kulia, sauti haikutoka, maana hewa yake ilipitia shingoni. Kilio kisicho na sauti. Kitaa kikawa njano.

Bibi aliimba. Mtoto akajikunja zaidi.

"Mama, imba ule wa jioni," Mwashi alisema.

"Ndio huu."

Daktari Kapaya aliinama karibu yao. "Bibi, huo hajawahi kuusikia. Kivuli kinaleta tu, hakipeleki."

"Mbona jioni nikimwimbia anatulia?"

"Ndiyo saa tunayozima taa za wodi. Analala."

Nyimbo zote zile zilikuwa zimeishia ukutani. "Basi amebembelezwa na nani, miezi yote hii?"

"Mlezi-chuma. Kabla ya leo hajawahi kushikwa na mtu." Kisha daktari akanyoosha mikono amchukue, kwa kuwa njano ilianza kuiva kuwa nyekundu.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Kile kinachonguruma ndani ya mwanakivuli ni nini? Nikiweka sikio nakisikia, mbali, kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Kinanguruma, kinapumzika, kinanguruma."

Daktari alifikiri. "Ni mota ya mlezi-chuma. Iko kifuani kwake, pale anapowalaza watoto."

Bibi Nyamizi akafungua vifungo vya blauzi yake, akamlaza Kalunde kifuani, ngozi kwa ngozi, mpira wa kupumulia ukiwa huru pembeni. Akafumba mdomo. Akanguruma kwa chini, akapumzika, akanguruma. Mwashi alitaka kucheka, akajikuta analia.

Hakuna aliyesogea. Kitandani, mwanakivuli bado alipokea pumzi za Kalunde: kifua chake kilichokuwa kikirukaruka kikaanza kwenda polepole, kikifuata mngurumo wa mwanamke mzee. Njano ikafifia. Kijani kikaja, kikayumba, kikakaa.

"Na wimbo, mama?" Mwashi alinong'ona.

Bibi hakuweza kumjibu, mdomo ulikuwa kazini. Alitikisa kichwa tu. Wimbo utangoja.

Kalunde akageuza shingo yake nyembamba, taratibu, akitafuta kwa sikio mahali mngurumo unapotokea, na akakuta kifua cha mtu.