Mwisho wa Redioni

"Dada, niambie kile kitabu kinaishaje. Haraka."

"Kitabu gani? Na mbona unanong'ona?"

"Niko chooni."

"Choo cha wapi?"

"Cha nyumba ya Mwandishi. Mwalimu ananisubiri hapo nje, na shangazi yake ametangaza kwamba tukimaliza kuzunguka nyumba, kila mgeni atasimama mbele ya meza ya Mwandishi aseme mwisho wa kitabu ulimgusaje. Kila mgeni, dada. Mimi nimewekwa wa mwisho, eti kwa heshima."

Dada upande wa pili wa simu alicheka mpaka akakohoa.

"Si ulimwambia umekisoma mara tatu?"

"Ndiyo maana niko chooni."

Msimcheke Fundi bado, mambo yenyewe yalianza kidogo tu. Fundi ana kibanda chake cha kushona magauni, cherehani mbili na kioo kirefu. Miezi minane iliyopita, mteja mmoja alisahau kitabu juu ya meza yake. Siku hiyo hiyo Mwalimu, anayefundisha fasihi sekondari, akaingia na suruali mkononi. Akakiona kile kitabu pembeni ya cherehani, macho yakamng'aa, akauliza, "Kumbe unakisoma?" Sijui shetani gani alimpitia Fundi. Akajibu, "Hii ni mara ya tatu." Mwenye kitabu alikuja kukichukua baada ya siku mbili na Fundi hakuwa amefungua hata jalada. Lakini Mwalimu alishakolea, na Fundi naye alishakolea, basi ikabaki hivyo.

Na leo Mwalimu amemleta kwenye mji wenyewe ambako kitabu kiliandikwa, mji wa kale wa soko, uliojipanga ukingoni mwa mto, maghala ya mawe yakitazamana na maji. Kwenye mashua asubuhi alimshika mkono, akamwambia, "Leo kuna jambo nitakuuliza mbele ya shangazi. Ndiye aliyenilea." Jambo gani, hata mtoto angejua. Fundi alilitaka hilo swali kwa roho yake yote. Tangu wateremke mashuani alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Dada, nakuomba."

"Ngoja nikumbuke. Mimi nilikisikiliza redioni, vipindi vyote ishirini na sita. Binti wa muuza chumvi anapanda mashua ya mwisho kuondoka. Karani wa mizani anabaki gatini analia. Kengele ikilia mara ya tatu, binti anajirusha majini, anarudi kwa mpenzi wake, gauni limelowa mpaka kiunoni. Wanaoana pale pale sokoni."

"Una uhakika?"

"Nililia wiki nzima, mdogo wangu. Nenda kaolewe."

Fundi akanawa uso, akatoka.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, funguo zimening'inia kiunoni, na alikuwa akiitunza nyumba ile kwa mwaka wa thelathini sasa. Aliwapandisha wageni ngazi nyembamba mpaka chumba cha juu. Palikuwa na meza iliyochafuka wino, kiti kimoja, na dirisha linalotazama soko lote mpaka mtoni. Mwalimu alikuwa hawezi kutulia. Kila kitu alikuwa anamwonyesha.

"Ona, Fundi. Hapa ndipo alipokaa akaandika lile soko. Mizani ile pale, bado ipo."

"Naiona."

"Unaikumbuka sura ya pili?"

"Nitaisahauje?"

Wageni wakaanza kusimama mbele ya meza mmoja mmoja. Nesi mstaafu akasema, "Mimi yule binti sijamsamehe mpaka leo." Fundi aliyasikia hayo maneno lakini hakuyapa nafasi, maana alikuwa anarudia ya kwake moyoni: kengele ya tatu, majini, kiunoni, sokoni.

"Na sasa mgeni wetu wa heshima," shangazi akasema huku akitabasamu. "Nimesikia habari zako miezi minane. Njoo, mwanangu."

Fundi akasogea mbele. Akimtazama Mwalimu anavyomwangalia, akapata nguvu.

"Mimi nililia pale binti anapojirusha kutoka mashuani," akasema. "Kengele ya tatu inalia, anarudi kwa karani wake, gauni limelowa mpaka kiunoni. Mimi kama fundi nikawaza, kitambaa chenyewe kile cha hariri, kimeshaharibika. Lakini mapenzi hayaangalii kitambaa."

Nesi mstaafu akamtazama mume wake. Tabasamu la Mwalimu likabaki usoni muda kidogo, halafu likashuka.

Shangazi akavua miwani. "Mwanangu," akasema taratibu, "labda wewe umesoma toleo lingine?"

Ilikuwa kamba ya kuokoa, na Fundi aliiona. Lakini Mwalimu akawahi.

"Hakuna toleo lingine, shangazi. Binti anaondoka. Harudi."

Wote wakamgeukia Fundi. Angeweza kuongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza, ulimi wake ulikuwa tayari kabisa. Akajikuta amechoka.

"Sijakisoma," akasema. "Hata ukurasa mmoja. Nisameheni."

Mwalimu alishuka ngazi. Fundi alimkuta nje, kwenye kizingiti cha mawe, amempa mgongo.

"Miezi minane," Mwalimu akasema.

"Najua."

"Kila jioni nakusimulia kuhusu yule binti, mwisho tu siugusi maana nilidhani unaujua, wewe unaitikia tu. Ndiyo, Mwalimu. Kweli, Mwalimu."

"Nilikuwa nasikiliza. Ukisimulia wewe nilikuwa namwona kabisa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe una digrii mbili, mimi nina mkebe wa pini. Nilijua nikisema utachukua suruali yako, uende zako."

"Hunijui basi."

"Na zile suruali, je?"

"Suruali zipi?"

"Sita, Mwalimu. Mshono uliochoka unafumuka hovyo hovyo. Zako zilikatwa kwa wembe, tena kwa uangalifu, uzi mmoja mmoja. Nimezishona zote sita na sijafungua mdomo."

Masikio ya Mwalimu yakawaka.

"Hiyo ni tofauti," akasema mwishowe.

"Tofauti yake nini?"

"Mimi nilitaka kukuona."

"Na mimi nilitaka urudi."

Mwalimu nusura acheke, nawaambia. Lakini alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia mbele ya mzazi wake hapoi upesi.

"Nilimwambia shangazi nimempata mtu wa kukaa naye ndani ya kitabu hiki maisha yangu yote," akasema. "Leo nimemwaibisha na nimejiaibisha. Mashua inaondoka saa kumi. Tukutane gatini." Akaenda zake kuelekea mtoni, mikono mfukoni.

Fundi akabaki amesimama. Saa ilikuwa saba. Mwanamke mwingine angekaa chini alie, na yeye alitaka sana kulia, lakini akili yake ilishaanza kufanya kazi. Akavuka barabara akaingia sokoni.

Soko lile lote linaishi kwa kitabu. Vikombe vina picha ya binti wa muuza chumvi. Mitandio ina picha ya karani na mizani yake. Fundi akasimama kwa mama mmoja wa vikombe.

"Mama, kitabu chenyewe unacho?"

"Kimoja kipo." Mama akainama, akakichomoa chini ya mguu wa meza. Meza ikayumba, vikombe vikagongana. "Kiangalie tu, usiondoke nacho, meza yangu itaanguka."

"Wewe umekisoma?"

"Mimi? Nimezaliwa humu humu ndani yake, nikisome cha nini? Nilikisikiliza redioni." Akageukia jirani yake anayeuza mitandio. "Eti wewe, umekisoma?"

"Redioni, bibi. Nililia."

Wa tatu redioni, wa nne redioni. Mji mzima unakula kwa kitabu ambacho hakuna aliyekifungua. Fundi akacheka mpaka machozi aliyokuwa ameyazuia yakapata njia.

"Mnajua kwamba kwenye kitabu binti harudi?"

"Harudi wapi?" mama wa vikombe akauliza kwa ukali.

"Anaondoka moja kwa moja."

"Mwongo huyo mwandishi. Fungua ukurasa wa mwisho tuone."

"Hapana, mama," Fundi akasema. "Safari hii naanza mwanzo. Sitaruka hata mstari."

Akavuta kreti, akakaa, akafungua. Kitabu kumbe chembamba tu, kurasa mia na kumi. Tangu utoto Fundi alikuwa hasomi vizuri kimoyomoyo, herufi zinamlaza usingizi, basi akasoma kwa sauti. Mama wa mitandio akasogeza kigoda. Mpima nafaka akaja na uji wake. Baada ya dakika ishirini walikuwa watu kumi, na kila mwenye mteja alimwambia asubiri.

Fundi akachukua simu, akamwandikia Mwalimu.

*Niko ukurasa wa 9. Baba yake binti simpendi hata kidogo.*

Alama mbili zikageuka bluu.

*Ukurasa wa 17. Kumbe karani ana kigugumizi. Hukuwahi kuniambia.*

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Ikaacha.

"Anasemaje huyo?" mama wa vikombe akauliza.

"Hasemi."

"Wewe endelea kusoma. Atasema."

Kwenye ukurasa wa ishirini na tatu, Fundi alisimama ghafla, akausoma upya, halafu akaandika.

*Ukurasa wa 23. Karani anapima chumvi vibaya makusudi ili binti arudi kulalamika. Suruali sita, Mwalimu.*

Jibu halikuchukua hata dakika.

*Nimekifundisha kitabu hicho miaka tisa. Sikuwahi kuliona hilo.*

Fundi akapiga goti lake kwa furaha, watu wakamwambia aache mchezo, wanataka kujua kama binti amelalamika. Akaendelea. Akafika thelathini, akafika arobaini. Sauti ilimkauka, akaletewa maji. Ilipokaribia saa kumi, akaandika tena.

*Mashua panda tu wewe. Mimi sijamaliza. Siondoki hapa kabla ya kujua mwenyewe.*

Alipoinua macho kutoka kwenye simu, Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mpima nafaka. Shangazi yuko pembeni yake, funguo zake kiunoni. Mwalimu akakinyooshea kidole kile kitabu: endelea. Akakaa chini, juu ya gunia, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Fundi alimaliza sura.

"Shangazi alinifuata gatini," Mwalimu akasema, na soko zima likategea sikio bila aibu. "Amenikumbusha kitu. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka saba. Shangazi alinisomea kitabu hiki, na alipofika mwisho, alinisomea ule wa redioni. Binti anarudi."

"Asingeweza kubeba mwingine anayeondoka," shangazi akasema. "Si wakati ule."

"Nilikuja kuusoma mwenyewe nikiwa na miaka kumi na nne. Nilimnunia siku tatu. Siku ya nne nikamuuliza, kwa nini ulinidanganya?"

"Ukamjibuje?" Fundi akamuuliza shangazi.

"Nilimwambia nilitaka abaki kwangu," shangazi akasema. "Nikamwambia nilikosea, na ningekosea tena. Leo nimemwambia mwanangu, mimi ulinisamehe siku ya nne. Huyu unamnyima kwa nini?"

Mwalimu akasimama, akajipangusa vumbi la gunia.

"Fundi, nilijifanya nahuzunika kwa sababu ya kitabu. Si kitabu. Niliogopa kwamba mtu niliyempenda hayupo. Halafu nikasoma ule ujumbe wa ukurasa wa ishirini na tatu, nikakuta yupo, tena ana akili kunizidi. Nilikuwa na swali."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Mama wa vikombe akashika kifua. Fundi akakifunga kitabu, kidole kimebaki ndani.

"Kabla sijajibu, nina mengine mawili."

"Sema."

"Ile chai ya tangawizi unayoniletea kila Jumamosi siipendi. Naimwaga kwenye ua la jirani."

"La pili?"

"Shati lako la kijani, lile unalosema la bahati. Halikupotea. Nililikata matambara. Lilikuwa baya, Mwalimu, lilikuwa linaniumiza macho."

Mwalimu akalimeza hilo kwa shida kidogo.

"Lile shati?"

"Lile."

"Yameisha?"

"Yameisha. Sina lingine."

"Basi nijibu."

"Ndiyo," Fundi akasema. "Nakubali. Tena nilikubali zamani, nilikuwa naogopa tu kwamba hungenikubali mimi mwenyewe."

Akamkumbatia pale pale katikati ya mitandio na vikombe, na soko likapiga makofi mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka. Shangazi alikuwa anajipangusa macho kwa ukingo wa mtandio ambao haukuwa wake. Mwenye mtandio hakusema kitu. Mama wa vikombe peke yake ndiye alikuwa anagonga meza, anauliza kurasa zilizobaki zitasomwa lini.

Simu ya Fundi ikaita. Akaipokea huku kichwa bado kiko begani kwa Mwalimu.

"Mdogo wangu, mbona kimya? Sijala tangu asubuhi. Vipi, umefaulu?"

"Nimefeli vibaya sana, dada," Fundi akasema. "Naolewa."