Ndama Aliyeachwa Zizini

Ng'ombe wa Mwalimu Aristides alipotea Jumatano jioni, na Alhamisi kabla ya chakula cha mchana mtuhumiwa alikuwa tayari mahabusu. Kwa kasi hiyo Koplo Athanasi alijiona anastahili pongezi. Alizisubiri amesimama wima mbele ya meza ya mkuu wake, kituoni Kayanga, kifua mbele.

Inspekta Gaudiosus hakumpongeza. Alikuwa anaigeuzageuza fimbo ndefu ya kuchungia iliyowekwa mezani.

"Hii imetoka wapi?"

"Kielelezo, afande. Imeokotwa kwenye mlango wa zizi. Ni fimbo ya huyo mzee tuliyemkamata, Theoneste, kila mtu kijijini Bugene anaijua."

"Na ng'ombe?"

"Bado hajapatikana. Nadhani kashavushwa mpaka."

"Unadhani," alisema Inspekta. Aliiweka fimbo chini akainuka.

Theoneste hakuwa mtu wa kutambulishwa Bugene. Aliingia Karagwe kijana, akitokea Rwanda na wazazi wake, na sasa nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza mifugo ya watu waliosafiri. Ukiwa mwalimu, mganga au karani, na una safari, unamwita. Anahamia kwako na mkeka wake kabla hujaondoka, ili wanyama wawaone mkila pamoja. Anakuuliza maswali mpaka unachoka: ng'ombe yupi anapiga teke, mbwa anaogopa nini, kuku anayeatamia asiguswe yupi. Ukishaondoka hapokei wageni, hapiki pombe, haendi hata msibani. Bei yake ilikuwa kali, na maringo yake, jamani, yalikuwa makali kuliko bei. Alivaa kofia ya pama kama diwani. Watu walimsema kwelikweli, kisha safari ikitokea walimfuata haohao, maana ukimwachia mifugo unarudi unaikuta.

Inspekta alimkuta ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, kofia magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingawa shikamoo ya kupitia kwenye nondo haina ladha."

"Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa na mafua."

"Fimbo ni yako?"

"Yangu."

"Imefikaje kwa Mwalimu?"

"Niliiacha mwenyewe nilipomtunzia mara ya mwisho. Kila nyumba ninayotunza naacha fimbo, wanyama wasinisahau harufu. Muulize Mwalimu."

"Mwalimu yuko Bukoba, mkewe kafanyiwa upasuaji. Na safari hii hakukuachia wewe ng'ombe. Kamwachia mdogo wake, Egbert. Hilo lilikuudhi?"

"Liliniudhi sana!" Theoneste alisema waziwazi. "Ng'ombe huyo, Bihogo, nilimzalisha mimi kwa mikono hii. Lakini mtu akiudhika ndiyo anaiba?"

"Wapo wanaoiba."

Mzee aliizungusha kofia yake magotini. Alipoongea tena, ule ukali ulikuwa umemtoka, na hofu ikaonekana usoni.

"Inspekta, jela mtu anaingia na anatoka. Mimi nakula kwa sababu watu wananiachia funguo za nyumba zao. Sina kibanja, sina ndugu hapa. Nikishaitwa mwizi, nani ataniachia hata kifaranga? Nitakula nini?"

Inspekta alimwagiza mlinzi ampelekee mzee chai ya moto, kisha akamwita Koplo kwenye gari.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa katikati ya migomba, kama nyumba zote za huko. Kabla hata hawajazima injini, walisikia ndama analia. Kilikuwa kilio cha kukwaruza, cha mnyama aliyelia usiku kucha.

"Huyo ni nani?" aliuliza Inspekta.

"Ndama wa Bihogo, afande. Wezi walimwacha."

Inspekta aligeuka akamtazama Koplo wake kwa muda.

"Hilo hukuniambia."

"Sikuona kama ni muhimu, afande."

"Kwenu wapi wewe, Athanasi?"

"Tanga mjini, afande."

"Basi nakusamehe. Mimi kwetu Isingiro, nimekua nyuma ya mikia ya ng'ombe. Mwizi wa ng'ombe wa huku anaanza na ndama. Anambeba mabegani, mama anamfuata mwenyewe, kimyakimya, hata kamba hahitaji. Ukimwacha ndama nyuma, mama hatoki. Atapiga kelele kijiji kizima kiamke. Sasa niambie. Theoneste, aliyetunza ng'ombe maisha yake yote, hajui hilo?"

"Analijua, afande," alisema Koplo.

Egbert alitoka nje kuwapokea. Alikuwa fundi cherehani pale Kayanga, kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi, lakini macho mekundu.

"Karibuni, waitu," alisema kwa heshima ya kienyeji. "Mmempata?"

"Bado. Nieleze tena. Ulimwona Bihogo mara ya mwisho lini?"

"Jumatano mchana. Nilikuwa nimemfunga huko nyuma, kwenye migomba. Nikaenda dukani kununua sabuni. Kurudi, hayupo."

"Na ndama alikuwa wapi?"

"Zizini."

"Ulisikia Bihogo akilia?"

"Hapana. Ndiyo maana nasema kachukuliwa na mtu anayemjua. Na fimbo si mmeiona?"

"Tumeiona. Fimbo umeikuta kwenye zizi, lakini ng'ombe alikuwa kwenye migomba. Mwizi alikwenda zizini kufanya nini?"

"Labda... labda alimtafuta huko kwanza."

"Akamkuta ndama, akamwacha."

"Labda hakumwona."

"Kwa kelele hizo?"

Egbert alijifuta jasho. Asubuhi hiyo palikuwa na baridi ya kiangazi, na Inspekta mwenyewe alikuwa amevaa sweta.

Sauti ya mwanamke iliita kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa Placidia, jirani, ameshika kibuyu.

"Afande, mwambieni huyu kijana aniruhusu niingie! Ndama atakufa. Tangu jana nataka kumletea maziwa ya ng'ombe wangu, ananifukuza. Ati polisi wamesema pasikanyagwe."

"Koplo, ulisema hivyo?"

"Sikusema, afande."

"Pita, mama. Mnyweshe." Inspekta alimsogelea. "Siku moja kabla ya ng'ombe kupotea, juzi Jumanne, hapa palikuwa na nini?"

"Jumanne? Alikuwa anakamua lubisi na rafiki zake. Pombe ya kumpokea kaka yake, alisema. Harufu ya mtama na ndizi ilifika hadi kwangu."

"Asante."

Inspekta aliingia kwenye migomba taratibu, mikono nyuma. Egbert alimfuata, akiongea haraka haraka kuhusu mpaka, kuhusu wezi wa msimu uliopita, kuhusu Theoneste na maringo yake. Inspekta alimwona mbwa amefungwa kwenye mti, mbavu zinahesabika, sufuria yake ya maji kavu. Aliona jinsi alivyokuwa akivuta kamba kuelekea upande mmoja.

Upande huo palikuwa na machipukizi ya migomba yaliyopandwa upya, yamepangwa vizuri juu ya tuta pana lililofunikwa majani makavu. Yote yalikuwa yamenyauka.

"Nani kapanda hii?"

"Mimi. Nilitaka kaka akirudi akute nimefanya kazi."

"Mwezi wa saba?"

Egbert aliinama akaokota jani kavu.

"Egbert, mimi na wewe tumezaliwa chini ya migomba. Hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba machipukizi yanasubiri mvua. Kiangazi hiki, na ardhi hii, ulikuwa unapanda nini?"

"Nilisahau tu, Bwana Inspekta."

"Hapa palikuwa na nini zamani?"

"Shimo. Shimo la mbolea la kaka."

"Koplo, leta jembe. Na mfungulie yule mbwa apate maji."

Mbwa hakunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta akaanza kuparua kwa miguu ya mbele. Koplo alichimba kando yake. Haikuchukua muda, jembe likagonga kitu kigumu. Alipoondoa udongo kwa mkono, ikaonekana pembe, ndefu, nyeupe, imepinda.

Placidia aliyekuwa zizini alikuja mbio akatazama. Akashika kichwa.

"Mae! Bihogo!"

Egbert alikaa chini palepale, na suruali yake ya pasi, kwenye udongo.

Siku iliyofuata alipelekwa mbele ya meza ya Inspekta. Tangu jana alikuwa hajasema neno. Mwalimu Aristides alikuwa ameletwa na lori la kahawa kutoka Bukoba, amechoka, hajanyoa ndevu, na aliombwa aketi pembeni. Theoneste naye, aliyekuwa bado anasubiri Egbert aseme, alitolewa mahabusu akapewa kiti karibu na mlango.

Inspekta alimsomea Egbert onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Bihogo ulimuua?"

"Hapana! Wallahi sikumuua. Nilimlisha."

"Ulimlisha nini?"

"Machicha ya lubisi. Mtama wote na ndizi zilizobaki. Karai mbili, tatu, sikumbuki. Alikuwa anakula vizuri, anataka tena. Nikasema, kaka akirudi atamkuta amenenepa, ana maziwa tele, kuliko alivyokuwa anamkuta anapotunzwa na yule." Hakumtazama Theoneste. "Jumatano mchana nikaona ubavu umevimba, umekaza kama ngoma. Anahema. Akalala pale kando ya shimo, hakuinuka tena."

"Alikufa saa ngapi?"

"Jua linazama."

"Peke yako ulimwingizaje shimoni?"

"Alilala ukingoni kabisa. Nilimbinua kwa gogo. Kisha nikafukia, nikapanda machipukizi juu ili udongo mpya usiulizwe."

"Ng'ombe wa watu hufa, Egbert. Ungewaita majirani, mngemchuna, mngegawana nyama, mngempelekea kaka yako habari. Ungepewa pole. Kwa nini umesema kaibiwa?"

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Kwa nini umeweka fimbo ya mzee wa watu pale zizini?"

Egbert alianza kulia, na alilia kama mtoto, bila kujifuta.

"Mwulizeni kaka yangu! Kila akisafiri anampa mtu baki ufunguo. Mimi tumbo moja naye, nipo hapa hapa Kayanga, nasikia kutoka kwa wateja kwamba kaka yako kasafiri, nyumba anayo Theoneste. Watu wananiuliza: vipi Egbert, wewe ni mwizi? Wewe ni mlevi? Mna ugomvi? Mwaka huu nikamwambia, ukimweka tena yule usiniite mdogo wako. Akakubali." Alivuta pumzi. "Mara yangu ya kwanza kuaminiwa. Na siku chache tu, ng'ombe tuliyeachiwa na baba kanifia mikononi. Nilijua wote watasema: mnaona? Sasa mnaona kwa nini alikuwa anamlipa yule? Nikasema, bora yule aitwe mwizi, wasiseme hivyo."

Mwalimu Aristides alikuwa ameinamisha kichwa.

"Swali la mwisho," alisema Inspekta. "Ng'ombe amevimba tangu mchana. Theoneste anakaa umbali wa shamba moja tu. Hukufikiria kumwita?"

"Nilikwenda."

Theoneste aliinua uso.

"Nilifika mpaka mlangoni kwake, Bihogo akiwa bado hai. Nilimsikia ndani anakohoa. Nikainua mkono nibishe."

"Ukabisha?"

"Sikubisha." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Angekuja. Angemponya. Na aliyemponya angekuwa yeye, si mimi."

Koplo aliacha kuandika. Mwalimu aliinuka, akatembea hadi dirishani, akarudi. Walidhani atampiga.

"Egbert," alisema, "ungeniambia amekufa ningelia na wewe. Ng'ombe alikuwa wa baba yetu wote wawili. Lakini huyu mzee umemlaza kwenye saruji kwa ajili ya nini? Kosa lake lilikuwa kukohoa tu?"

Inspekta alifunga jalada. Alieleza kwa sauti ya kawaida kwamba Egbert atashitakiwa kwa kutoa taarifa za uongo kwa polisi na kumsingizia mtu kosa. Kisha akamgeukia Theoneste, akaomba radhi kwa niaba ya kituo. Koplo naye akaomba, macho chini.

"Mzee Theoneste," alisema Mwalimu, "ndama yuko hoi. Placidia anamnywesha maziwa lakini anayatema. Mke wangu bado yuko kitandani Bukoba, lazima nirudi leo. Nakuomba."

Theoneste alitikisa kichwa.

"Wewe huna kosa na mimi, Mwalimu. Wewe si wa kuniomba."

Kila mtu alielewa. Egbert alielewa kabla ya wote. Alijiinua kutoka kwenye kiti na pingu zake, akasimama mbele ya yule mzee. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba."

"Ndama atakufa. Mimi sijui la kufanya. Naomba utusaidie."

Theoneste alimtazama juu hadi chini. Hasira ilikuwepo, na hakuificha. Kisha akavaa kofia yake ya pama, akaiweka sawa, akamgeukia Inspekta.

"Bwana Inspekta, huyu mniazime mpaka jioni. Ndama asiye na mama akinyweshwa, anahitaji mtu wa kumshika shingo na mtu wa kushika maziwa. Na sitaki anishikie mtu mwingine."

Inspekta alifikiri kidogo, akampa Koplo ufunguo wa pingu, akamwambia awasindikize hadi Bugene.