Chupa ya Zambarau

Kila jioni wanafunzi walipita ukingoni mwa uwanja wakirukaruka ili wasikanyage zambarau zilizoanguka. Hakuna aliyezijali, kwani zilichojua ni kuchafua sare tu. Msichana mmoja tu wa darasa la sita aliinama kuziokota. Walimwita Chapuchapu, maana hakuwa na kazi aliyoifanya polepole, hata kula.

Alikuwa na sababu. Shangazi yake alikuwa fundi wa maabara inayotoa vitu vyenye faida mwilini kutoka kwenye matunda yasiyotakiwa na watu. Alikuwa amemwahidi kwamba akileta chupa moja ya maji ya maganda ya zambarau, aliyotengeneza kwa mikono yake mwenyewe, atamkaribisha maabara likizo nzima. Chapuchapu aliitamani likizo hiyo hadi akawa anaiota.

Maagizo yalikuwa mepesi: aloweke maganda katika maji ya uvuguvugu yenye ndimu, afunike, kisha aweke kabatini siku nzima na usiku wake. Asichemshe kabisa, shangazi alionya, kwa kuwa moto mkali huharibu kile wanachokitafuta.

Basi kuloweka kunataka subira, na subira na Chapuchapu hawakuwahi kusalimiana. Aliyakumbuka maganda asubuhi ile ile ya kupeleka chupa. Akayabandika jikoni, yakatokota. Rangi ikafifia, ikawa kama chai iliyosahauliwa. Alitaka kulia. Ndipo jicho likatua kwenye kichupa cha rangi ya keki cha mama yake. Matone mawili tu, chupa ikapendeza kuliko zambarau zenyewe.

Kule maabara, shangazi aliinua chupa dirishani, akaisifu mpaka Chapuchapu akatamani ardhi ipasuke. Kisha akafunua mtungi mkubwa wa kioo. Alieleza kuwa ndani mlikuwa na maji ya zambarau ambayo wenzake walikuwa wameyatengeneza wiki nzima, nayo yangekaushwa yawe unga wa kutia kwenye uji wa watoto wa kliniki. Akaanza kuinamisha chupa ya Chapuchapu juu ya mtungi.

"Shangazi, usimimine," Chapuchapu alisema. "Niliyachemsha. Hiyo ni rangi ya keki."

Shangazi aliifunga chupa. Akachota kidogo kutoka mtungini, akatia chembe za magadi. Maji yakageuka kijani, kama yafanyavyo maji halisi ya zambarau. Akafanya vivyo hivyo kwa maji ya Chapuchapu. Yakakaa vilevile, hayana habari.

"Ningegundua kesho wakati wa kupima," alisema, "lakini kazi ya wiki nzima ingekuwa imeshaharibika. Nenda ukaanze upya."

Chapuchapu akaanza upya. Safari hii, kwa kuwa alijijua, alimkabidhi mama yake ufunguo wa kabati ili asilifungue kabla ya wakati.

Siku mbili baadaye shangazi alitia magadi kwenye maji mapya, yakageuka kijani. Chapuchapu alicheka kwa furaha. Shangazi akamvisha koti jeupe, akaikunja mikono ya koti mara tatu kwa kuwa lilimzidi.

"Rangi ningenunua dukani, mwanangu," alisema. "Tunachokitafuta kimo ndani ya ganda, na hakipatikani kwa haraka wala kwa hila. Chupa hii ya leo ni nzuri. Lakini koti hili nakupa kwa ajili ya ile ya kwanza, uliyonizuia nisiimimine."