Mlangoni au kwa Fundi Viatu

Kila jioni, akishavua sare za shule, Kiherehere alimpelekea bibi yake maji ya kunywa na kumuuliza swali lile lile: "Bibi, utafanya mazoezi leo au utapumzika?"

"Leo nipumzike, mjukuu wangu. Kesho."

Jina la Kiherehere alipewa na bibi huyo huyo, kwa kuwa hakuna jambo lililompita bila kulitia mkono. Lakini kesho za bibi zilimshinda. Bibi alikuwa amevunjika mguu. Mfupa uliunga vizuri, ila daktari alionya kwamba asipotembea goti litakakamaa, na hatanyanyuka tena kitini bila kubebwa. Bibi aliogopa kuanguka. Kiherehere aliogopa zaidi kumwona bibi akibebwa.

Jumamosi alikwenda kufagia saluni ya mama yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Mteja mmoja alisimama kizingitini akisitasita. Mama hakumuuliza kama anasuka. Alimvutia kiti, akasema, "Karibu, dada. Tuzilaze nyuma au tuzipandishe juu?"

"Juu," alijibu mteja, akaketi.

Baadaye Kiherehere alimuuliza mama sababu.

"Aliyefika saluni ameshaamua kusuka," mama alisema. "Nikimuuliza tena nitamtia wasiwasi. Watu huchagua katika yale unayowawekea mbele."

Jioni ile Kiherehere alipiga moyo konde. "Bibi, twende mlangoni au kwa fundi viatu?"

Bibi alipima njia kwa macho. "Kwa fundi viatu mbali. Mlangoni."

Walifika mlangoni, bibi akitokwa jasho na kunung'unika njia nzima. Wiki haikuisha kabla hawajafika kwa fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Fundi aliwapisha kwenye benchi lake. "Shikamoo, mama. Nilidhani umehama mtaa," alitania, na bibi akacheka kama zamani.

Kiherehere akavimba kichwa. Hata mdogo wake alijikuta akichagua kati ya kuosha vyombo na kudeki, wakati zamu haikuwa yake.

Kisha ikaja jioni ambayo kifundo cha mguu wa bibi kilikuwa kimevimba. Kiherehere hakukiangalia. "Mlangoni au kwa fundi viatu?"

Bibi alivuta mkongojo wake. "Mlangoni."

Katikati ya sebule mkongojo uliteleza. Kiherehere alimkumbatia bibi kwa nguvu zake zote, wakaporomoka pamoja sakafuni. Mama aliposikia mayowe alikuja mbio kutoka saluni, chanuo bado mkononi.

"Mama, kwa nini hukusema unaumwa?" aliuliza huku akimnyanyua bibi.

"Sikuulizwa kama naumwa," bibi alijibu. "Niliulizwa mlangoni au kwa fundi viatu."

Kiherehere alilia kwa uchungu. Mama alimkalisha karibu yake. "Mteja wangu alikuja saluni mwenyewe, na akitaka kuondoka anaondoka. Bibi yako ulimfungia njia, mwanangu, ingawa kwa nia njema."

"Basi nisimuulize tena?"

"Muulize. Ukiacha, goti litakakamaa. Ila kukataa nako kuwe jibu."

Walisubiri mpaka uvimbe ukaisha na daktari akaruhusu mazoezi. Siku hiyo Kiherehere alichuchumaa, akakiangalia kwanza kifundo. "Bibi, mlangoni, kwa fundi viatu, au leo mguu umekataa?" Akanyamaza. Kunyamaza kulimgharimu sana.

"Saluni," bibi alisema.

"Saluni sikuitaja, bibi."

"Najua. Nimeitaja mimi. Nipe mkongojo."

Walikwenda polepole, wakipumzika kila walipochoka. Mama alipowaona mlangoni aliacha kazi, machozi yakamlengalenga. Alimvutia bibi kiti, lakini safari hii aliuliza, "Karibu, mama. Unasuka, au umekuja kututembelea tu?"

"Nasuka. Zilaze nyuma."

Bibi alipokwisha kuketi alimshika Kiherehere mkono. "Anayeuliza ana nguvu kuliko anavyodhani," alisema. "Ulipanga maswali yako vizuri, nami nikasimama. Lakini kila ukiuliza, mwachie mwenzako nafasi ya kukupa jibu ambalo hukulipanga. Mimi jibu hilo ndilo lililonifikisha hapa."

Kiherehere aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua ufagio, maana nywele zilikuwa zimetapakaa sakafuni na bibi angehitaji njia safi ya kurudi nyumbani kwa miguu yake.