Signe Atafuta Pa Kusomea Kemia

Joleen Torvik alikuwa anamenya mahindi mabichi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mwezi wa Agosti katika mji wa Lindvik, Minnesota, kila nyumba ina mahindi na kila mguu una alama za mbu. Mumewe, Arvid, alikuwa ametoka kazini na ameketi jikoni, viatu vimevuliwa. Binti yao, Signe, alikuwa anafuta meza. Meza ilikuwa safi tayari.

"Umejiandikisha?" Joleen aliuliza kupitia mlango.

"Bado, Mama. Ni hadi Ijumaa."

"Ijumaa ni keshokutwa. Unasubiri nini?"

Signe alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa na shahada ya muziki na alipiga fidla kubwa vizuri sana, lakini mjini hapakuwa na kazi ya fidla. Kwa miaka miwili alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno. Siku moja daktari alimwita amshikie taa wakati wa kumtibu mzee mmoja mwenye jipu. Signe alirudi nyumbani akasema anataka kuwa daktari wa meno. Joleen alidhani ni maneno ya siku moja. Hayakuwa.

Chuo cha meno hakikudai shahada ya sayansi. Kilidai masomo fulani ya lazima: biolojia, kemia, fizikia, kemia ya kaboni na bayokemia. Signe hakuwa nayo. Alitakiwa ayasome sasa, baada ya shahada, kabla ya kuomba nafasi. Swali lilikuwa wapi.

Joleen alikuwa ameshapata jibu. Kulikuwa na chuo cha miaka miwili dakika kumi kutoka nyumbani, na kilifundisha kemia kwa mtandao. Maabara yake ilikuja kwa posta, ndani ya sanduku: mirija, vipimio na chupa ndogo za kemikali.

"Utafanya majaribio hapo hapo kwenye meza," alisema. "Huendeshi gari kwenye barafu, huachi kazi. Na chuo cha meno uliwapigia, si ndiyo?"

"Niliwapigia. Nilizungumza na mama mmoja wa ofisi ya udahili."

"Akasemaje kuhusu sanduku?"

"Alisema, 'Unaweza kufanya hivyo.'"

"Basi! Umeruhusiwa."

Arvid alikohoa. "Alisema hivyo hivyo? 'Unaweza'?"

"Hivyo hivyo," Signe alijibu, akaanza kufuta meza upya.

Arvid alimtazama binti yake, kisha akatazama soksi zake mwenyewe. Joleen alitupa ganda la mahindi kwenye ndoo. Alikuwa ameolewa kutoka New Jersey miaka ishirini na saba iliyopita, na bado alikuwa hajazoea watu wa hapa, wanaokohoa badala ya kusema wazi.

Jirani yao, Mai Yer Lor, alipita kwenye ua akiwa na mfuko wa matango. Bustani ya Mai Yer ilizaa matango mengi kuliko watu wa kuyala, kwa hiyo Agosti yote alizunguka akiyagawa. Alifanya kazi katika chuo kikuu cha jimbo, mwendo wa saa moja kwa gari. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wanafunzi wanaotaka kusomea udaktari na uuguzi.

"Chukua, chukua," alisema. "Ukikataa nitayaacha kwenye gari lako."

"Keti kwanza," Joleen alisema. "Msikie Signe. Anaanza masomo yake ya meno."

Akaeleza mwenyewe habari ya sanduku, maana Signe alikuwa anachelewa kuanza. Mai Yer alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu.

"Aha," alisema. "Hiyo ni njia tofauti."

Jikoni Arvid alikohoa tena. Joleen aliweka hindi chini.

"Mai Yer, mimi si mzaliwa wa hapa. Tofauti nzuri au tofauti mbaya?"

Mai Yer alicheka. "Sikutaka kukupinga nyumbani kwako."

"Nipinge! Nina ngozi ngumu."

"Sawa. Tofauti mbaya. Vyuo vingi vya meno havikubali maabara ya nyumbani. Vinataka uwe umesimama kwenye maabara yenyewe, na mwalimu akiona mkono wako unavyofanya kazi. Asome kemia mwaka mzima kwa sanduku, halafu huenda wakamwambia arudie."

"Lakini walimwambia anaweza!"

"Waliposema 'unaweza kufanya hivyo'," Arvid alisema taratibu kutoka jikoni, "walimaanisha afadhali usifanye."

Joleen aligeuka. Signe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Wewe ulijua?"

"Nilihisi, Mama."

"Ulihisi, na unataka kupoteza mwaka?"

"Yule mama alikuwa mpole sana. Niliona nikimuuliza mara ya pili nitamsumbua."

"Analipwa asumbuliwe!"

"Na wewe ulifurahi sana," Signe alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikutetemeka. "Ulikuwa umeshanitengea rafu ya chupa. Ningekuambiaje?"

Ni kweli, rafu ilikuwa imeshapigwa misumari.

"Hamna kilichoharibika," Mai Yer alisema. "Leo ni Jumatano. Signe, njoo ukae. Unataka kuomba vyuo gani?"

"Cha hapa jimboni na kile cha jimbo la jirani."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Watu wengi huchagua kwanza pa kusoma, halafu ndiyo huuliza kama masomo yatakubaliwa. Wewe anza na vyuo unavyovitaka. Kila kimoja kina sheria zake. Waulize kama wanakubali masomo ya chuo cha miaka miwili, na yapi. Waulize kuhusu maabara. Na usikate simu kabla hujasikia 'ndiyo' au 'hapana'. Halafu omba wakuandikie jibu kwa barua pepe."

"Na ile programu maalumu ya Minneapolis?" Signe aliuliza. "Ile ya kuwaandaa wenye shahada kwa vyuo vya udaktari, inayotoa cheti."

"Ni nzuri kwa mtu aliyepata alama mbaya na anataka kuonyesha amebadilika, au anayehitaji kushikwa mkono. Alama zako ni nzuri. Unachohitaji ni masomo, si karatasi nyingine ya kutundika ukutani. Na usisome somo moja moja kama mtu anayeonja supu. Wanataka kuona unabeba masomo mawili matatu magumu kwa pamoja. Chuo cha meno kitakubebesha zaidi."

"Biolojia nilisoma," Signe alisema. "Mwaka wa pili."

"Ile ya wanafunzi wa sayansi, au ile ya wanafunzi wa sanaa?"

"Ya sanaa. Tulichora vyura."

"Hiyo haitahesabiwa. Angalia jina la somo kwa makini. Biolojia mbili zinaweza kuwa na majina yanayofanana, moja ikakubaliwa na nyingine isikubaliwe."

Joleen alisimama na kujifuta mikono. "Nipe hiyo namba. Napiga sasa hivi. Watanijibu wenyewe."

"Hapana, jirani," Mai Yer alisema. Safari hii hakutabasamu. "Wanatafuta daktari, si mama yake. Ukipiga wewe, watamkumbuka kwa sababu mbaya."

Kwa Joleen hilo lilikuwa zito kuliko habari ya sanduku. Alimtazama binti yake. Kisha akabeba ndoo ya maganda na kwenda nayo mpaka mwisho wa ua, mbali na dirisha. Huko mbu walimla, lakini hakurudi.

Signe alipiga simu ya kwanza, kwa chuo cha hapa jimboni. Alianza kwa kuomba radhi, akaomba tena. Halafu Mai Yer aligonga meza kwa kidole.

"Naomba kujua wazi," Signe alisema. "Maabara ya nyumbani mnaikubali, ndiyo au hapana?"

Jibu lilikuwa hapana. Yule mama wa ofisi hakukasirika hata kidogo. Alionekana kufurahi kwamba mtu amemuuliza. Alieleza kwamba biolojia, kemia ya mwanzo na fizikia anaweza kuzisoma katika chuo cha miaka miwili, mradi aende darasani na maabarani mwenyewe. Kemia ya kaboni na bayokemia wangependa azisome chuo kikuu. Chuo cha jimbo la jirani kilijibu tofauti: chenyewe kilikubali masomo yote ya chuo cha miaka miwili, ila si maabara ya nyumbani.

"Basi fuata sharti lililo gumu zaidi," Mai Yer alisema. "Ukilitimiza, milango yote miwili iko wazi."

Ijumaa Signe alijiandikisha katika chuo cha karibu, biolojia na kemia, madarasa ya asubuhi, na maabara ya kweli yenye harufu ya kweli. Kliniki ilimpa zamu za jioni. Fizikia aliimaliza wakati wa kiangazi. Mwaka wa pili aliendesha gari kwenda chuo kikuu kwa kemia ya kaboni, na siku za barafu alipanda gari la Mai Yer, wakaondoka pamoja alfajiri. Joleen alipikia nyumba zote mbili. Hakupiga simu kwa mtu yeyote, ingawa mara kadhaa alishika simu.

Vyuo vyote viwili vilimwita kwa mahojiano. Desemba ya mwaka wa tatu, Joleen alikuwa anakata vitunguu wakati simu ya Signe ilipolia sebuleni. Kisu kikasimama.

"Ndiyo, ni mimi," Signe alisema, akasikiliza. "Asante. Asante sana. Nimefurahi mno kupata nafasi kwenu." Sauti yake ilikuwa imejaa machozi, na Joleen alijua sasa atakata simu. Hakukata. "Samahani, kabla hujaenda. Bayokemia naimaliza Mei. Nafasi yangu inataka alama gani ya chini? Na nakala rasmi ya matokeo yangu niitume lini? Hapana, sijaelewa vizuri. Naomba urudie."